Njia Kati ya Mganga na Zahanati Ifunguliwe

LUGHA ya Kiswahili ina hekima yake. Daktari aliyekabidhiwa afya ya mkoa mzima huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na mwenzake wa wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Serikali yenyewe, katika barua na mihuri yake, haikuona haya kumpa msomi wa Muhimbili jina lile lile la mzee wa kijijini anayechimba mizizi. Kwa fikra za wenye lugha kazi ni moja, nayo ni kumwondolea binadamu maradhi. Lakini jina limeungana na kazi imebaki mbalimbali. Katika vijiji vingi mganga wa jadi na tabibu wa zahanati wamekuwa wakimtibu mgonjwa yule yule, kwa zamu, mwaka hata mwaka, nao hawajapata kuketi katika baraza moja wakazungumza habari zake.

Kila tarehe 31 Agosti Afrika huadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Hotuba husomwa, mabanda ya maonyesho hujengwa, na chupa za mitishamba hupangwa juu ya meza ili viongozi wazitazame. Hayo ni mema na yaendelee. Hata hivyo liko swali ambalo kila mtumishi wa umma anapaswa kujiuliza asubuhi ya tarehe 1 Septemba: je, safari ya mgonjwa kutoka kwa mganga mpaka zahanati imefupishwa hata kwa hatua moja? Kama jibu ni hapana, basi sherehe imekwisha na kazi bado haijaanza.

Uhasama uliopo kati ya tiba hizi mbili haukushuka kutoka mbinguni. Mkoloni ndiye aliyeupanda. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliweka mambo ya ramli, uganga na uchawi katika kivuli kimoja cha shaka, na tangu hapo mtu aliyejua mti wa kutibu tumbo alijifunza kufanya kazi yake gizani. Mtoto aliyekwenda shule ya misheni alifundishwa kumwonea aibu babu yake. Kasumba hiyo ilidumu hata baada ya bendera kushushwa, na mabaki yake yanaonekana mpaka leo kwa msomi anayejificha usiku kwenda kwa mganga, kisha mchana akamcheka mkulima aliyekwenda huko bila kujificha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mkoloni huyo huyo hakudharau miti alipoona faida yake mwenyewe. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda huko. Kwinini iliyomlinda mtawala na homa ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, gome ambalo wenyeji wa milima ya Andes walilitumia kabla ya mzungu yeyote kulitia kinywani. Mtu aliyelidharau gome la Mwafrika alikuwa akiponeshwa na gome la mnyonge mwingine wa mbali.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilianza kujitazama kwa macho yake lenyewe. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, nacho mwaka 1991 kikakuzwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1978 mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata, uliotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa haki ya watu wote, uliwataja waganga wa jadi kuwa ni miongoni mwa watu wanaoweza kuandaliwa kuihudumia jamii yao. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, na kwa sheria hiyo likawapo Baraza la kuwasajili waganga na kuzisimamia dawa zao. Katika miaka ya karibuni huduma hii imeanza kuingizwa katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa.

Basi sheria ipo, taasisi ipo na Baraza lipo. Ni dhahiri kwamba upungufu uliobaki si wa maazimio. Upungufu uko chini, pale kijijini, katika kipande cha njia kinachoitenga nyumba ya mganga na zahanati. Hospitali ya mkoa ikiweka rafu nzuri ya dawa za asili itawafaa watu wa mjini. Mkulima hukutana na tiba ya jadi nyumbani kwa jirani yake, tena mara nyingi usiku, na mtoto akiwa mgongoni.

Chukua mfano wa degedege. Hakuna mwalimu wa shule ya msingi aliyefanya kazi kijijini asiyelijua neno hilo. Mtoto huwaka homa, macho humgeuka, mwili hukakamaa na kutetemeka. Kwa elimu ya hospitali, hiyo mara nyingi ni dalili ya malaria kali, nayo inaweza kuua kwa muda mfupi. Kwa imani ya watu wengi, hasa wa mwambao, degedege ni jambo la shetani au ndege wa usiku, na dawa yake ni kufukizwa na kuogeshwa majani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi imani hiyo ilivyowapeleka wazazi kwa mganga kwanza. Tena ilikuwapo hofu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hofu hiyo ililishwa na jambo lililoonekana kwa macho: watoto wengi waliofika hospitali wakiwa wamekwisha kuchelewa walikufa mara tu baada ya sindano, na sindano ikabeba lawama ya ucheleweshaji.

Sasa na iulizwe nani anaweza kuyaokoa maisha ya mtoto huyo. Bango la Wizara halitoshi. Hotuba ya redio haitoshi. Mtu mwenye uwezo mkubwa kuliko wote usiku ule ni mganga mwenyewe, kwa sababu ndiye anayeaminiwa na mama. Mganga akisema, "Mimi nimefanya sehemu yangu, sasa mkimbizeni mtoto zahanati, na sindano haitamdhuru," mama ataondoka saa ile ile. Mganga akinyamaza, au akisema arudishwe kesho kwa mafusho ya pili, huenda kesho hiyo isifike. Maisha ya mtoto yananing'inia katika sentensi moja ya mtu ambaye mfumo wa afya haujawahi kumwamkia.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Kuunganisha tiba ya jadi na huduma ya afya ya umma maana yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mganga anajua ni wakati gani amwachie mgonjwa, anajua amwachie nani, na anajua kwamba atakapofanya hivyo hatatukanwa. Mambo mengine yote, ya maabara, ya viwanda na ya masoko, yana umuhimu wake, lakini yanakuja nyuma ya hilo.

Nchi hii haiingii katika kazi hii bila uzoefu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa ili wazalishe kwa usafi. Baadaye ilibainika kwamba usafi peke yake hauzuii kifo cha mama anayetoka damu nyingi, na sera ikaelekezwa kwenye kujifungulia mahali penye mtaalamu. Mahali ambapo mkunga wa jadi alifukuzwa kama mhalifu, alirudi kazini kwa siri. Mahali ambapo alipewa heshima ya kumsindikiza mama mpaka kituo cha afya, alikuwa daraja. Funzo lake ni kwamba mtu mwenye kuaminiwa na jamii akinyang'anywa kazi yake hugeuka kizuizi, na akibadilishiwa kazi kwa heshima hugeuka msaada.

Mkoa wa Tanga nao umetoa mfano ambao haukutangazwa inavyostahili. Mapema katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu na dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika, wafanyakazi wa hospitali na waganga wa jadi wa huko waliungana katika kikundi kimoja. Waganga walitoa mitishamba ya kuwapunguzia wagonjwa maradhi nyemelezi, kama ya ngozi, na kuwarudishia hamu ya kula. Wauguzi waliwafuata wagonjwa majumbani. Waganga nao walijifunza jinsi ugonjwa unavyoambukiza, wakawa walimu wa kinga. Nchini Uganda kazi ya namna hiyo ilianza mwaka 1992. Hakuna aliyedai kwamba mizizi imeponya UKIMWI. Palikuwa na ukweli, na kwa sababu palikuwa na ukweli palikuwa na ushirikiano.

Ukilinganisha na yaliyotokea Loliondo mwaka 2011, tofauti inaonekana waziwazi. Mchungaji mstaafu wa kijiji cha Samunge, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500, akisema kinaponya kisukari, saratani, shinikizo la damu na UKIMWI. Maelfu ya watu walimiminika, foleni ya magari ikaenea kilomita nyingi nyikani, na wengine walifia njiani. Wapo waliotoka katika vitanda vya hospitali, na wapo walioacha kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi wakiamini wamepona. Katika foleni hiyo hawakuwamo wakulima wasiosoma peke yao. Walikuwamo wasomi, watumishi wa Serikali na viongozi. Ni uongo kwa hiyo kusema kwamba tatizo ni ujinga wa vijijini. Watu walikwenda Samunge kwa sababu maradhi sugu yanachosha, hospitali ni mbali au ni ghali, na hapakuwa na mtu waliyemwamini wa kuwaambia ukweli mapema.

Tena hapana budi kulitaja lililo baya kuliko yote. Kwa jina la uganga, wauaji wamewawinda watu wenye ualbino, na vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu mpiga ramli aliwanyoshea kidole. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli wa namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2024 taifa lililia tena kwa kuuawa mtoto mdogo mwenye ualbino mkoani Kagera. Watu hao hawana haki ya kujificha nyuma ya heshima ya mganga wa kweli. Lakini ni nani atakayewatenga? Mahali ambapo waganga hawajaandikishwa, hawajulikani na hawana vikao, tapeli na mtaalamu huvaa kanzu moja. Waganga wenyewe ndio wanaomjua mwenzao anayetumia mti na anayetumia hofu. Wakiletwa katika mwanga watakuwa wa kwanza kumfichua mhalifu, kwa kuwa anawaharibia kazi.

Wapo madaktari wenye nia njema wanaopinga ushirikiano huu. Hoja yao ni kwamba kumtambua mganga ni kuupa ujinga muhuri wa Serikali. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba si kila kilicho cha asili ni salama. Iko mimea, kama jamii ya Aristolochia, ambayo imethibitika kuharibu figo. Ziko dawa za mitishamba zinazopunguza au kuzidisha nguvu ya vidonge vya hospitali mwilini. Mwarobaini umepewa jina la kutibu maradhi arobaini, lakini jina halijawa ushahidi. Basi jibu la hatari hizo ni lipi? Mgonjwa anatumia dawa hizo sasa hivi, daktari apende asipende. Daktari anayekunja uso anapotajiwa mizizi hamzuii mgonjwa kuitumia. Anamfundisha kuificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika chumba cha daktari mgonjwa hufundishwa kuficha kwa dharau.

Wachina wametoa funzo la namna ya kuheshimu bila kuabudu. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, walianza mradi wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Mtaalamu wao, mama Tu Youyou, alirudi katika vitabu vya kale vya tiba ya China, akakuta maelekezo ya kuloweka mmea wa Artemisia katika maji bila kuuchemsha. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akabadili njia ya kuikamua, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria inayotolewa leo katika zahanati za nchi hii ni mjukuu wa maelekezo hayo ya kale. Bila mganga wa kale hapangekuwa na mahali pa kuanzia, na bila maabara pasingekuwa na mahali pa kufikia.

Ili jambo kama hilo liwezekane hapa, mganga lazima aseme anachokijua, naye hatasema kama anaogopa kuibiwa. Hofu yake ina sababu. Magome ya mti wa milimani ambao wataalamu huuita Prunus africana yamesafirishwa kwenda Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa. Faida iliyobaki kwa watu waliokuwa wakiujua mti huo ni ndogo mno. Afrika ya Kusini, ujuzi wa Wasani juu ya mmea wa Hoodia uliombewa hataza katika miaka ya 1990 pasipo wao kushauriwa, na ilichukua mpaka mwaka 2003 kufikia mapatano ya kugawana faida. Unyonyaji hauachi kuwa unyonyaji kwa sababu umevaa koti jeupe. Mtafiti anayeingia kijijini na daftari lake anapaswa kuandikiana na mganga na kijiji, na kurudi siku ya pili kueleza alichokipata.

Kazi iliyobaki haihitaji mabilioni. Inahitaji watumishi wa umma wenye kutimiza wajibu. Mtendaji wa kijiji awajue waganga wa eneo lake, nani hutoa mitishamba, nani huunga mifupa, nani hupiga ramli. Barua yake ya utambulisho ndiyo mwanzo wa safari ya usajili, na barua hiyo isiwe bidhaa ya kuuzwa wala zawadi ya kupewa jamaa. Mratibu wa tiba asili wa wilaya asiwe jina katika orodha tu, bali awe mtu anayefika vijijini. Dawa inayotolewa kwa umma ipimwe usalama wake na Mkemia Mkuu wa Serikali, na anayetangaza kwamba dawa yake moja yatibu kila ugonjwa aulizwe ushahidi kabla ya sauti yake kurushwa hewani.

Katika zahanati, tabibu awaalike waganga wa kata yake walau mara moja kwa miezi michache. Wakubaliane dalili chache ambazo mganga yeyote akiziona hatakawia: mtoto mwenye degedege au aliyeshindwa kunyonya, mjamzito anayetoka damu, kikohozi cha wiki mbili na zaidi, mtu aliyeumwa na nyoka au na mbwa asiyejulikana. Mganga apewe karatasi ya rufaa, na tabibu airudishe ikiwa na jibu. Jibu hilo ndilo litakalojenga urafiki, kwa kuwa mtu anayepeleka mgonjwa bila kupata habari zake huchoka kupeleka. Tabibu naye amuulize kila mgonjwa, kwa sauti ya upole, ametumia dawa gani za miti, kisha aandike.

Mwalimu ana sehemu yake. Shule ni mahali ambapo kasumba ilipandwa, na ni mahali ambapo inaweza kung'olewa. Mwanafunzi afundishwe majina ya miti ya kwao na matumizi yake, na katika somo lile lile afundishwe kwamba mdogo wake akikakamaa kwa homa, zahanati haisubiri asubuhi. Mtoto wa darasa la sita mwenye kuyajua yote mawili hatamwonea haya babu yake, wala hatamwacha mdogo wake afe.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Msemo huo unamhusu mzee mwenye mkoba wa mizizi, na unamhusu vilevile Mganga Mkuu mwenye ofisi na gari. Kila mmoja ana maradhi yasiyoonekana kwake: mmoja ana siri, mwingine ana kiburi. Kila mmoja anayo dawa ya mwenzake. Taifa lililojenga zahanati kwa nguvu za wananchi, wakibeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao, haliwezi kushindwa kufyeka kipande cha njia kinachotoka katika nyumba ya mganga mpaka mlango wa zahanati hiyo. Njia hiyo ifunguliwe, na mtoto mwenye degedege awe wa kwanza kupitishwa.